Mkaa wa Jana

Jumatano, 1 Machi 1995. Jumatano ya Majivu

Odeta mwanangu, kaunta buku uliyoniachia naianza leo. Ulisema, "Baba, andika kila siku mama ameamkaje, nikija likizo ya Juni nisome mwenyewe, maana ninyi wawili mkikaa pamoja hamniambii ukweli." Haya basi. Mama yako leo amekohoa mara sita kabla ya chai. Nimehesabu. Mtu aliyetunza stoo ya kiwanda miaka ishirini na miwili hawezi kusikia kitu bila kukihesabu.

Jana tulikwenda kwa daktari. Si TB, Mungu ashukuriwe, wamempima mara mbili. Ni moshi. Miaka kumi na minne ya kubanika samaki uani imekichosha kifua chake. Daktari amesema akikaa mbali na moshi kitapona taratibu. Akiendelea je? Hapo daktari hakumalizia, alifunga tu faili. Mama yako akamwuliza, "Na samaki wangu nani atawabanika?" Nikasikia mtu anajibu, "Mimi." Nikageuka kumtafuta. Hakuwepo mwingine chumbani.

Njiani kurudi akanipa sharti. Nikiharibu samaki mara tatu, anarudi mwenyewe kwenye moshi, na nisimletee habari za daktari. Nimekubali. Nimeandika haya nikiwa na majivu ya kanisani kwenye paji la uso, na Jumamosi nitakuwa nayo mpaka magotini.

Alhamisi, 2 Machi

Mara tano. Mvua ya kwanza imenyesha, ya kutisha kuku tu.

Jumamosi, 4 Machi

Mara tano. Leo nimefundishwa kazi.

Mwalimu amekaa barazani, mbele ya nyumba, kichwa amekigeuzia barabarani ili asivute moshi. Mwanafunzi yuko nyuma, bandani. Tunaongea kwa kupigiana kelele, nyumba nzima ikiwa katikati. Mtaa wote umefaidi somo.

Wewe banda unalijua, lakini nataka kuandika nilivyoliona leo, maana nilikuwa silijui. Tangu wanipunguze kazini, mwaka na nusu sasa, nimekaa na redio yangu hatua kumi kutoka hapo. Nilikuwa nakula samaki wake na kulalamika moshi unaingia kwenye mashati yangu. Leo nimeinama mbele ya yale mapipa mawili yaliyokandikwa udongo nikaona alama za magoti yake kwenye sakafu. Mbili, zimechimbika kama vibakuli. Nimeweka magoti yangu humo humo. Nashukuru nimeziona yeye akiwa bado hai, nasema wazi.

Jambo la kwanza amenifundisha si samaki. Ni chungu kikubwa kilichoko pembeni, cha mkaa uliobaki.

"Mkaa ule uliokwisha kuona moto jana," akapaza sauti, "hauna moshi tena! Ndio unaanza nao, ndio unamalizia nao! Mkaa mpya unauweka katikati, moto ukishashika!"

"Na nikianza na mpya?"

"Samaki watakuwa wachungu na mimi nitakohoa! Hasa masika, mkaa umelowa tangu porini!"

Kwa hiyo kila jioni, samaki wakishaiva, makaa yanakusanywa kwenye chungu, yanafunikwa sinia, juu jiwe, ukingoni unakandika majivu mabichi hewa isiingie. Yanajifia yenyewe. Asubuhi unayapima kwa mgongo wa mkono, na yakiwa baridi uko tayari.

Bibi Evelina, yule mzee wa Ukerewe wa nyumba ya chini, alikuwa anapita na ndoo yake. Bomba la mtaa, kama unavyojua, liko ubavuni mwa banda letu. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba huku ananicheka.

"Kashaija, umeingia jikoni? Zamani hapa ndipo palipokuwa kiberiti cha mtaa mzima."

Sikumwelewa. Zamani hizo anazozisema mimi nilikuwa natoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi giza limeingia.

Jumanne, 7 Machi

Mara saba. Na makosa ni yangu.

Jana jioni niliona kukandika majivu ni kupoteza wakati. Kiwandani moto ulikuwa unazimwa kwa maji, na kuna ndoo nyekundu ukutani. Nikamwagia makaa maji, yakalia shwaa, nikaenda kusikiliza taarifa ya habari. Leo nimeyawasha. Yakaanza kupasuka kama bisi, kila likipasuka linarusha majivu, na kila jivu likitua linatua juu ya sato. Samaki kumi na wanane wametoka wamevaa sare ya kijivu.

Mama yako alipowaona alicheka mpaka akakohoa. Hizo mbili za mwisho ni za kicheko lakini nimeziweka kwenye hesabu.

"Waitu! Baba Odeta, umewapaka majivu, Kwaresima hii!" Kisha akafuta macho akasema, "Moja."

Ijumaa, 10 Machi

Mara nne. Mvua. Samaki wazuri, Ijumaa ya Kwaresima, wamekwisha kabla ya magharibi.

Ijumaa, 17 Machi

Mara nne. Na kosa la pili.

Safari hii niliponzwa na ukaguzi. Mtunza stoo anakagua. Nilikuwa nafunua gunia linalofunika pipa kila dakika tano nione samaki wamefikia wapi, na kila nikifunua hewa inaingia, moto unaamka, mafuta yanadondoka. Wamekuwa weusi chini, wabichi juu. Mama yako hakucheka. Alisimama barazani, akajifunga kanga kiunoni na kuanza kuja. Nikamzuia mlangoni kwa mikono miwili.

"Bado moja," nikamwambia.

Kisha akarudi kukaa. Odeta, sijawahi kumwomba mama yako kitu kwa moyo wangu wote kama nilivyomwomba akae kwenye kigoda kile.

Jumapili, 19 Machi

Mara nne.

Jumamosi, 25 Machi

Mara tatu! Nimemwandikia hata kaka yangu aliyeko Muleba.

Siku zangu sasa zimepangika. Saa kumi na moja alfajiri napanda baiskeli hadi soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Muuzaji wangu Venant ananiwekea sato wa wastani, maana sangara wakubwa siku hizi wote wanakimbilia viwanda vya minofu, wanapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi wa mitaani tunapishana na mifupa yao. Saa mbili niko nyumbani. Nawapasua, nawatia chumvi, nawaanika upepo uwapige kidogo, saa nne nawasha. Mkaa wa jana kwanza, kisha mpya, kisha vipande vya mpera kwa ajili ya rangi, na mkaa wa jana tena. Nimeacha kukagua. Nanusa tu.

Na lazima niseme kitu, hata kama ni kujisifu. Nimeushika ujuzi wa kuzima mkaa. Mvua zinanyesha kila siku, wengine wanalalamika mkaa umelowa, lakini chungu changu hakipungui. Naacha robo jioni, nikirudi kutoka Mwaloni naona kama nusu. Nadhani ni namna ninavyokandika majivu, mkaa haujili tena ndani. Mama yako ananisifu. Anasema hata yeye hakuwahi kubakiza mkaa mwingi namna hii.

Jumanne, 4 Aprili

Mara tatu. Leo nimerudi nikakuta jiwe la chungu limehamishwa. Mimi naliweka katikati ya sinia. Lilikuwa ukingoni.

Jumamosi, 8 Aprili

Mara mbili. Jiwe tena. Na nyayo kwenye matope kutoka bombani hadi mlango wa banda, nyayo za watu wazima, tofauti tofauti. Mlango wetu unafungwa kwa kamba, mtu yeyote anaufungua.

Sijamwambia mama yako. Lakini nilikaa stoo miaka ishirini na miwili na mwizi ninamjua. Mwizi mzuri hachukui gunia zima. Anachota kidogo kidogo, ili mwenye mali ajione ana nacho.

Jumanne, 11 Aprili

Mara mbili. Nimemkamata.

Baiskeli ilipata pancha kabla sijafika barabara kubwa, nikageuza. Bombani walikuwepo akina mama wanne watano na ndoo zao, foleni ya kawaida. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Ndani, ameinamia chungu changu, mkono mmoja kwenye sinia, alikuwa Mama Dorcas. Paskazia! Jirani wa ukuta kwa ukuta, mke wa Chenge, ambaye mama yako amekula naye miaka yote hii. Alikuwa ameshika sufuria yake ile yenye mkono mmoja. Ilikuwa tupu, nimemwahi kabla hajachota.

Sikupiga kelele. Nilisema kwa adabu zote, "Mama Dorcas, ukihitaji mkaa si useme?"

Akasimama wima. Akanitazama, akatazama foleni nje, akaitazama sufuria. Nikadhani atajitetea. Akanisalimia tu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Baba Odeta," kama vile tumekutana njiani, akarudisha sinia, akaweka jiwe, akapita. Bombani foleni ikampisha.

Mimi nikarudi kuziba pancha.

Jumatano, 12 Aprili

Mbili. Lile kufuli langu la stoo, ambalo siku waliyotupunguza lilibaki mfukoni mwangu na hakuna aliyeliuliza, limepata kazi. Nimepigilia komeo. Ufunguo uko shingoni na rozari.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Mara moja! Aleluya mara mbili, moja ya Bwana na moja ya kifua cha mama yako. Amekwenda kanisani kwa miguu, amepanda mawe yale ya mlima wetu bila kupumzika zaidi ya mara moja. Nilitembea nyuma yake namtazama mabega. Nashukuru. Sina neno lingine la leo.

Kanisani akina mama wa bombani wamenisalimia kwa kifupi. Wana haki ya kuona aibu.

Jumamosi, 22 Aprili

Mara mbili. Ajabu, chungu kinapungua. Kufuli lipo, ufunguo shingoni, na bado asubuhi nakuta kile kile nilichoacha, robo, wakati mwingine kasoro. Nadhani ni mkaa wenyewe. Tangu mambo yawe ruksa kila mtu anauza anachotaka, hata mkaa siku hizi unateketea kabla haujawaka.

Mama yako ameniuliza leo, "Mama Dorcas anaumwa? Sijamsikia kuja kunijulia hali."

Nikasema ana kazi nyingi. Ndiyo, Odeta, nimemdanganya.

Jumamosi, 29 Aprili

Mara tatu. Mvua siku ya tatu mfululizo. Mkaa wa jana ni wa kujaza kiganja tu. Nimeanza kuchanganya na mpya mapema kuliko nilivyofundishwa. Samaki wamepita, lakini mteja mmoja alinusa mara mbili.

Jumatatu, 1 Mei

Mara tano. Sikukuu ya wafanyakazi. Mimi mfanyakazi nimepepea tangu saa nne hadi saa kumi.

Alhamisi, 4 Mei. Hospitali

Nakuandikia kutoka kwenye benchi la wodini. Mama yako yuko hai. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari ukilitafuta.

Jana asubuhi chungu kilikuwa na chenga tupu, za kujaza viganja viwili. Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumatatu. Nilikuwa na sato ishirini waliokwisha pasuliwa na kutiwa chumvi, hawawezi kungoja. Nikajiambia nitafungua gunia jipya nichague vipande vya juu. Vya juu vilikuwa vimelowa, vya chini vinatoa maji. Nikawasha hivyo hivyo. Na kwa nini? Kwa sababu wakioza ni mara ya tatu, na mama yako atarudi kwenye moshi. Ndivyo nilivyofikiri, kwa akili yangu timamu.

Ulitoka moshi mzito, wa manjano, unaouma machoni. Mvua haikuuacha upande juu. Upepo wa ziwani ukausukuma chini kwa chini hadi ukutani kwetu na kuingia dirishani. Mimi sikuuona ukienda huko. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye vile vibakuli viwili, napepea.

Mwanzoni nilimsikia anakohoa, nikahesabu. Sita. Saba. Kumi na mbili. Nikapepea kwa nguvu zaidi ili moto ushike upesi moshi uishe. Kisha nikaona amenyamaza, na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, afadhali, kimekatika. Nikaendelea kupepea. Ndipo ikanijia kwamba hakohoi kabisa.

Nilimkuta chumbani amepiga magoti, ameshika mbao za kitanda, mdomo wazi, anavuta hewa na hewa haiingii. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alinitazama lakini sijui kama aliniona.

Odeta, mtu akizidiwa anaita jina bila kuchagua. Nilitoka nje nikapiga ukunga, na jina lililotoka ni "Mama Dorcas! Mama Dorcas!"

Alikuja peku, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Mimi nilikuwa nataka kumlaza mama yako kitandani. Paskazia akanipiga kikumbo.

"Usimlaze! Mkalishe! Mkalishe akae!" Akamkumbatia kwa nyuma, kifua chake kwa mgongo wa mama yako. "Shika miguu. Tunakwenda barabarani."

Tulishuka yale mawe katika mvua, yeye mbele kinyumenyume, mimi nimeshika miguu. Barabarani magari yalikuwa yanapita bila kusimama. Akanikabidhi mama yako, akaenda kusimama katikati ya lami, mikono ameitandaza. Pikapu iliyobeba barafu ya samaki ikafunga breki ikateleza mpaka karibu na kanga yake. Dereva alianza kumtukana.

"Nitukane njiani," Paskazia akamwambia. "Fungua mlango."

Walimtia hewa ya mtungi. Saa kumi rangi ya midomo ikarudi. Daktari ni yule yule. Hakunikemea, alisema tu, "Mzee, nilidhani tulielewana." Kukemewa kungekuwa afadhali.

Paskazia alikaa nasi hadi jioni, nguo zimemkaukia mwilini. Alipoinuka alisema, "Nakwenda kuwapikia watoto. Wewe baki." Nilitaka kumwambia asante na nisamehe kwa pamoja, yakagongana mlangoni yote mawili, halikutoka hata moja.

Ijumaa, 5 Mei

Amelala vizuri. Amekunywa uji. Kikohozi sikuhesabu, nilikuwa namsikiliza anapumua.

Saa tatu nilikwenda nyumbani kuchukua nguo zake na chupa ya chai. Mvua ilikuwa manyunyu. Nikapitia uani kuona samaki wa juzi, maana niliwaacha motoni. Sikufika ndani. Mbele ya mlango wa banda, chini ya kufuli langu, ambalo jirani mmoja alilibana tulipoondoka, vilikuwa vimepangwa vyombo. Kopo la maziwa ya unga. Ndoo iliyopasuka mdomo. Karai. Bakuli la bati lenye maua. Kila kimoja kimefunikwa nailoni na kubanwa kwa kijiwe, mvua isiingie. Nikainua nailoni ya kwanza. Mkaa. Si mpya, ni ule wa kijivu ukingoni, mwepesi, uliokwisha kuona moto. Nikainua ya pili. Mkaa. Zote.

Cha mwisho kilikuwa sufuria yenye mkono mmoja.

Nilisimama pale mpaka manyunyu yakawa mvua. Sufuria ile niliiona tupu siku ile, na nikaamua ni tupu kwa sababu hajachota. Ilikuwa tupu kwa sababu alikuwa amekwisha kumimina. Ujuzi wangu wote wa kuzima mkaa, robo ya jioni inayoamka nusu, sifa zote nilizojipa humu, yalikuwa makaa ya majiko yao, waliyoyabakiza baada ya ugali wa watoto wao, wakayaleta alfajiri wakija kuteka maji. Nami nikawapigia kufuli. Na baada ya kufuli, na baada ya maneno yangu, na siku ile ile niliyomjazia mama yako moshi, walikwenda nyumbani wakabakiza tena.

Nilitoa ufunguo shingoni. Ulinasa kwenye rozari, ilinichukua muda kuutenganisha, maana sikuwa naona vizuri. Nililia, Odeta, mzee mzima, na Bibi Evelina akiwa bombani. Hakugeuka. Alifungulia maji kwa nguvu zaidi ili asinisikie.

Jumamosi, 6 Mei

Nimekwenda kwa Paskazia.

"Hodi."

"Karibu, mtunza stoo."

Alikuwa anachekecha unga. Sikukaa, hakunikaribisha kiti.

"Mama Dorcas, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambia nini? Umeshaniita mwizi, watu wako bombani na ndoo zao. Nianze kukuonyesha makaa?"

"Sikukuita mwizi."

"Uliniambia, ukihitaji si useme. Kwetu hilo ndilo jina lake."

Ndipo nikasema lililonileta. "Nisamehe. Nimekukosea, na mke wangu asingekuwa hai bila wewe."

Aliendelea kuchekecha mpaka unga ulipokwisha kwenye chekecheke. Ndipo akasogeza kigoda kwa mguu.

"Kaa. Wewe hukuwa unashinda nyumbani, hujui mambo. Mwaka niliomzaa Dorcas, themanini na tatu, kiberiti kilikuwa hakipatikani. Ukikipata kimoja unakigawa njiti kwa njiti. Nina mtoto wa wiki moja, nahitaji maji ya moto, Chenge yuko safari. Asubuhi nafungua mlango, nakuta kigae, juu yake kaa la moto limefunikwa majivu. Kesho yake tena. Miezi miwili. Sikumkuta hata siku moja akiliweka."

"Ulijuaje ni yeye?"

"Kigae kilikuwa kinanuka samaki." Akacheka kidogo, mara ya kwanza. "Na hakuleta kwangu tu. Sasa aliposhikwa na kifua, tukasema masika hii asipate mkaa mbichi. Basi."

"Ni akina nani wengine? Niwashukuru."

"Usituulize. Chukua uwashe."

Nikamwuliza kama kuna lolote ninaloweza kufanya.

"Toa kufuli."

"Nimeshatoa."

"Basi kunywa chai."

Jumanne, 9 Mei

Mama yako amerudi nyumbani. Mara mbili.

Nimemweleza yote, tangu jiwe hadi sufuria, nikiwa nimesimama mbele yake kama mtu aliyepoteza funguo za bohari. Kigae hakukikumbuka. Alisema, "Nilikuwa nawapa wote moto, nani anaweka kumbukumbu za moto?" Lakini habari ya kufuli ilimkaa.

Nikamwambia, "Najua ilikuwa mara ya tatu. Lakini nakuomba, usirudi bandani."

"Wale samaki hawakuharibiwa na wewe," akasema. "Waliharibiwa na kufuli. Kwa hiyo bado una moja." Kisha akaongeza, "Na sufuria ya Mama Dorcas umeirudisha tupu?"

Odeta, nilikuwa nimeirudisha tupu! Nikaitwaa tena kwa kisingizio, nikaijaza mkia na kichwa cha sato mkubwa.

Alhamisi, 11 Mei

Mbili. Kufuli amelichukua Bibi Evelina kwa banda lake la kuku. Yeye ndiye aliyeibiwa kweli, jogoo mzima.

Jumatano, 17 Mei

Mara moja. Mkaa wa jana mwanzo, mpya katikati, wa jana mwisho. Moshi mwepesi, umepanda wima hadi juu ya mawe. Samaki wana rangi ya chai ya maziwa. Nilimpelekea mama yako kipande barazani. Alikivunja, akanusa, akala, akalamba vidole.

Nikangoja aseme. Aliegemea ukuta, akanyoosha miguu, akaniomba nimwongezee sauti ya redio. Wala hakujifunga kanga kiunoni.

Jumanne, 23 Mei

Mara moja, na ilikuwa ya pilipili. Jua lote la mchana.

Jumapili, 28 Mei

Barua yako imefika, kwamba utapanda meli Ijumaa. Kaunta buku hii nitakupa ukishanawa mikono.

Leo sikwenda Mwaloni, ni Jumapili. Saa kumi na moja niliamka kwa mazoea nikabaki kitandani. Nikasikia ndoo zinapangwa bombani. Nikasikia mlango wa banda, ile kamba inavyofunguliwa, kisha sinia kuinuliwa, kisha makaa yanaporomoka taratibu, mtu anayaongoza kwa mkono yasipige kelele. Jiwe likarudi. Baada ya muda kidogo, tena. Mvua zimekwisha, mkaa mpya sasa ni mkavu, wangeweza kuacha.

Nikatupa shuka ili nitoke nikawashukuru. Mama yako akanishika mkono gizani.

"Usitoke," akanong'ona. "Utawaaibisha."

Basi tukalala tunasikiliza, wazee wawili, kama watoto waliofichwa. Sinia liliinuliwa mara nne. Nilipomaliza kuhesabu nikagundua kwamba sijamsikia akikohoa tangu niamke, na moyo ukanishtuka kama siku ile. Nikanyoosha mkono nikauweka mgongoni kwake.

Ulikuwa unapanda na kushuka, taratibu, bila kukwama. Alikuwa amekwisha lala.